Barua Iliyoandikwa Meza ya Jirani

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2024. Tangu alfajiri ukungu wa baharini ulikuwa umeifunika Casablanca, mzito na wa baridi, na hata ilipofika saa tatu asubuhi magari yalikuwa bado yamewasha taa. Hapakuwa na upepo wala mvua.

Soko la Derb Omar halijali ukungu. Maduka ya jumla yalikwisha kufunguliwa, wachukuzi walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia, na pikipiki za magurudumu matatu zilikuwa zikipishana na mikokoteni iliyojaa chai na sukari. Nyuma ya pikipiki moja alisimama Itimad Lahrichi akipokea mifuko ya chokaa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, amevaa suruali ya kazi ya buluu na sweta pana iliyokuwa ya marehemu baba yake, na kitambaa cha rangi ya zafarani amekifunga kisogoni. Kazi yake ilikuwa kupaka chokaa kwenye mabafu na hamamu, kisha kuisugua kwa jiwe la mtoni na sabuni nyeusi mpaka ukuta unang'aa na maji hayapenyi tena. Kazi hiyo ilikuwa imempa mikono migumu na macho yanayoona kila ufa.

Mfuko wa tano ulimponyoka mchukuzi. Ulianguka, ukapasuka, na wingu jeupe likamfunika mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na bunda la karatasi kwapani.

Alikuwa amevaa koti jeusi. Sasa lilikuwa jeupe, na ndevu nyeupe, na kope nyeupe. Muuza duka alitoka mbio na ndoo ya maji.

"Usimwagie maji!" Itimad alipiga kelele. "Ala! Unataka kumuunguza? Hii ni chokaa, si unga wa ngano! Na wewe kaka, fumba macho. Usijipanguse. Simama hivyo hivyo."

"Nimesimama," alisema yule mwanamume, macho yamefumbwa. "Nisimame mpaka lini? Mpaka nikauke?"

"Ukikauka nitakusugua kwa jiwe ung'ae."

Wachukuzi walicheka. Itimad alivua kitambaa chake, akamkung'uta taratibu usoni, mabegani, mgongoni. Yule mwanamume alipofumbua macho alimwona mwanamke mwenye nywele nyeusi zilizosokotwa, uso wake karibu, amekunja kipaji kama fundi anayekagua ukuta.

"Sasa nimefanana na marehemu baba yangu," alisema.

"Alikuwa mzuri?"

"Watu walisema hivyo."

"Basi shukuru. Koti ulipanguse na siki, usilifue na maji kwanza. Nami nitalipa likiharibika."

Yule mwanamume akatoa kadi mfukoni, nayo ilikuwa na chokaa. *Jawad Tazi, mwandishi wa barua na maombi, meza ya tatu kutoka lango la mahakama.*

"Sina kesi na mtu," alisema Itimad.

"Alhamdulillahi. Basi nipe namba yako, kesi ninayo mimi. Kesi ya koti."

Siku mbili baadaye Jawad alipiga simu.

"Bi Chokaa? Hapa ni mlalamikaji."

"Koti limepona?"

"Koti limepona. Mwenye koti ndiye ananuka siki. Jana mteja ameniuliza kama nimeanza kuuza achari."

Itimad alicheka akiwa juu ya ngazi, na jiwe likamponyoka likaanguka kwenye ndoo.

Ndivyo ilivyoanza. Jawad alipiga simu kila siku baada ya sala ya adhuhuri, wakati mahakama imefungwa kwa chakula. Yeye alimwita Bi Chokaa, naye Itimad akamwita Bwana Karani. Jawad alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwahi kuoa. Alitumia mashine ya taipu ya herufi za Kiarabu, kuukuu, yenye herufi moja inayokwama. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na tisa, akaimalizia ukubwani, madarasa ya jioni, akikaa dawati moja na vijana waliomwita baba.

Ijumaa moja ya Desemba walikula supu ya maharage kwenye kibanda, mafuta ya zeituni yakielea juu na mkate wa moto katikati yao. Itimad alivaa jalaba la kijani lenye uzi wa fedha shingoni. Jawad alimwangalia mpaka supu ikapoa.

"Kula, Bwana Karani. Au unaniandikia barua kichwani?"

"Nakuandikia. Nimekwama mstari wa kwanza. Barua zetu zote huanza, 'Mimi niliyetia sahihi hapa chini.' Sijui hii inaanzaje."

"Anza na kwa nini hujaoa."

Jawad akaacha kucheka. Alimwambia juu ya baba yake, aliyemdhamini shemeji benki kwa wema tu. Shemeji alitoroka, na nyumba yao ya mji wa kale ikauzwa kulipa deni la mtu mwingine. Baba alikufa katika chumba cha kupanga. Siku ya maziko Jawad aliweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba deni lililotengenezwa na watu wengine halitavuka kizingiti cha nyumba yake maisha yake yote.

"Ni kiapo kimoja tu nilichowahi kuapa," alisema. "Mengine nasema inshallah."

Itimad alimshika vidole. "Basi mimi ni salama," alisema. "Sidaiwi hata dirhamu ya kiberiti."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Mwezi wa Februari Jawad aliomba kuja na mama yake nyumbani kwa kina Itimad, mtaa wa Hay Mohammadi, kumposa na kusoma Fatiha. Siku ikawekwa: Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani. Bi Zhor, mama yake Itimad, alianza kuosha mapazia.

Alhamisi ya juma hilo ikaja barua ya rejista.

Itimad aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena ameketi kwenye ngazi. Ofisi ya kodi ilikuwa inamdai dirhamu elfu themanini na moja, kodi pamoja na faini, kwa ajili ya mwaka juzi.

Mwaka juzi kampuni moja ilikuwa ikikarabati hoteli tatu. Itimad alifanya mabafu. Bushaib alipaka rangi, na Miludi aliweka vigae. Katika watatu hao ni Itimad tu aliyekuwa na kadi ya kujiajiri, na kampuni ilisema haimlipi mtu asiye na ankara. Wenzake waliogopa kujiandikisha. Walikuwa wakipokea ruzuku ya mwezi kwa ajili ya watoto, na mtu akishaandikwa kuwa ana kazi, ruzuku inaweza kukatika. Basi Bushaib alimwambia, "Dada, si uandike tu ankara kwa jina lako? Pesa ikiingia unatupa." Akaandika. Hakukata hata dirhamu moja. Alitoa jina lake kama mtu anavyompa jirani chumvi, na mjini kila mtu alifanya hivyo.

Hakujua kwamba anayejiajiri, akipokea zaidi ya elfu themanini kwa mwaka kutoka kwa mteja mmoja, kinachozidi hapo hutozwa thelathini kwa mia. Kazi ya mikono yake haikufika kiasi hicho. Ankara zenye jina lake zilifika laki tatu na elfu kumi.

"Ni nini hiyo?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Bili ya maji, mama."

Usiku ule hakulala. Si elfu themanini na moja zilizomkosesha usingizi. Kila alipofumba macho alikiona kibanda cha supu, na mkono wa Jawad juu ya msahafu. Deni lililotengenezwa na watu. Lilikuwa hilo hilo, na lilikuwa linakwenda kuvuka kizingiti Jumapili, limevaa kaftani.

Akaamua kulimaliza kabla ya Jumapili. Ijumaa asubuhi alikwenda mahakamani kuandikisha ombi la msamaha, kwa sababu alijua kwamba asubuhi za Ijumaa Jawad humpeleka mama yake kliniki ya sukari. Waandishi walikuwa sita, wamejipanga chini ya miavuli. Itimad alipita meza ya tatu, iliyofunikwa turubai, akaketi meza ya nne kwa Mzee Larbi, kwa kuwa kiti cha wateja wake kilikuwa na mto. Alieleza yote kwa sauti ya chini, akainama juu ya meza, na alipofika kwenye ile siku ya Jumapili machozi yakamshinda.

Siku hiyo daktari hakuja kliniki. Jawad alirudi mapema, akamwona akiwa upande wa pili wa barabara.

Kila mtu pale mahakamani anajua kwamba Mzee Larbi haandiki barua nyingine ila za wake wanaodai talaka. Meza yake imeoza kwa machozi yao. Jawad alisimama nyuma ya gari la mboga mpaka Itimad alipoondoka, kisha akamwendea mzee.

"Mzee wangu, yule dada alitaka nini?"

Mzee Larbi alivua miwani. "Jawad. Miaka kumi na miwili umekaa jirani yangu. Umewahi kuniuliza swali hilo?"

"Hapana."

"Basi usilianze leo. Siri ya meza ni ya mwenye barua. Mimi nikiitoa, kesho nani atakaa hapa?"

Jawad alijua kwamba mzee amesema haki. Mwenyewe angejibu hivyo hivyo. Alipiga simu baada ya sala ya Ijumaa.

"Itimad."

Hakusema Bi Chokaa, na Itimad alilisikia hilo.

"Naam."

"Kuna jambo hujaniambia?"

Nyuma ya Itimad mama alikuwa akipiga zulia.

"Lipo," alisema. "Na ukilijua, hutanitaka."

"Nimekuona kwa Mzee Larbi."

"Umeniona?" Alidhani amekwisha kujua. "Basi sina la kuongeza. Jawad, usije Jumapili. Sitaki uje kwa ajili ya kuona haya."

"Ungeniambia tu. Kabla sijamwambia mama yangu anunue sukari na maziwa ya posa."

"Nilikuwa sijui! Wallahi nimejua jana!"

Hilo la mwisho hakulielewa, na hakuuliza. Alikata simu, akatia udhu, akasali, na katika sijda ya mwisho akakaa muda mrefu bila kupata neno la kuomba.

Barua ya Mzee Larbi ilikuwa na Kiarabu kizuri sana. Iliomba huruma kwa jina la mayatima na mama mgonjwa. Katika ofisi ya kodi ofisa mmoja mwanamke aliisoma, akaiweka chini.

"Binti yangu, mama yako ni mgonjwa?"

"Hapana. Anapiga zulia."

Ofisa alijizuia kucheka. "Machozi nina kabati zima. Niambie ukweli."

Itimad akamwambia ukweli, kosa lake mwanzo hadi mwisho. Ofisa akasikiliza akigonga kalamu.

"Kuazima ankara ni kosa, na kodi ya ankara yenye jina lako siwezi kuifuta. Lakini ukileta maandishi ya waliofanya kazi, yaliyothibitishwa manispaa, faili itaonyesha kwamba hukuficha pesa. Hapo naweza kukuombea faini iondolewe na kodi ulipe kidogo kidogo. Bila maandishi hayo, watazuia akaunti yako, na kadi utaipoteza."

Ramadhani ilikuwa imeingia. Itimad alikwenda kwa Bushaib, akamkuta anakwangua rangi mlangoni mwa jirani. Alimweleza. Alimweleza pia kuhusu ruzuku, kwamba akiandika huenda ikakatika.

"Sikuja kukulazimisha, kaka. Una watoto wanne. Nimekuja ili usisikie kwa watu."

Bushaib alitazama kisu chake cha kukwangulia. Akaendelea kukwangua. Siku tatu hakupiga simu, na Itimad hakumlaumu.

Siku ya nne Bushaib alikwenda mahakamani. Kwa Mzee Larbi kulikuwa na foleni ya wanawake, basi akaketi meza ya tatu, midomo imekauka kwa saumu.

"Andika, kaka. Mimi niliyetia sahihi hapa chini, Bushaib Rguig, mpaka rangi, nakiri kwamba ankara nne zilizotolewa kwa jina la Itimad Lahrichi zilikuwa kazi ya mikono yangu, na pesa nilipokea mimi, na yeye hakuchukua hata ya sabuni."

Mashine ilinyamaza.

"Imekwama?" aliuliza Bushaib.

"Herufi moja hukwama," alisema Jawad. "Rudia jina."

Bushaib akarudia, kisha akaeleza yote, kwa sababu mtu aliyefunga akianza kusema ukweli huwa hana nguvu ya kuukatisha. Elfu themanini na moja. Barua ya rejista siku tatu kabla ya posa. Mchumba aliyevunja uchumba.

"Mjinga gani sijui," alisema Bushaib. "Samahani, nimefunga."

"Huyo dada," alisema Jawad polepole, "hana mume?"

"Mume? Angekuwa na mume sisi tungethubutu kumwomba ankara? Angetufukuza kwa ufagio!"

Jawad alifunika uso kwa mikono. Alipoiondoa alikuwa na wino kwenye kipaji.

"Kaka Bushaib, mjinga ndiye huyu anayekuandikia. Lakini siri ya meza ni yako. Bila ruhusa yako siwezi kumwambia kwamba nimejua."

Bushaib alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. "Ruhusa unayo! Ichukue yote! Na Miludi yuko pale kwenye kona anaogopa kuja. Miludi! Njoo, huyu ni shemeji!"

Jawad hakupiga simu siku hiyo. Aliandika barua zote mbili bila malipo, kisha akaingia msikiti mdogo nyuma ya mahakama, akamwomba Mungu amwongoze, maana moyo wake aliujua unaelekea wapi na aliogopa kuufuata peke yake.

Alipiga simu kesho yake, baada ya sala ya alasiri. Itimad alikuwa bafuni kwa mteja, jiwe mkononi, suruali ya kazi imejaa sabuni nyeusi.

"Bi Chokaa."

Itimad aliliweka jiwe chini.

"Jina hilo nilidhani umelitupa."

"Nililiweka. Nina neno moja. Jana jioni nimefuturisha maskini kumi. Supu, tende, mayai na mkate. Kumi, nimewahesabu mwenyewe."

Itimad alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijua, kama mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani anavyojua, ni jambo gani hugharimu chakula cha maskini kumi. Ni kafara ya kiapo kilichovunjwa.

"Jawad," alisema. "Wewe ulikuwa na kiapo kimoja tu."

"Kimoja tu."

Akalia, na mwenye nyumba alichungulia akadhani chokaa imemwingia machoni.

"Usinioe kwa huruma," alisema Itimad. "Baba yako alikufa kwa jambo hili."

"Baba yangu alikufa kwa sababu alilibeba peke yake akatuficha. Nimekielewa kiapo changu vibaya miaka ishirini. Na wewe nisamehe. Mimi nilikudhania mke wa mtu."

"Nini? Mke wa nani?"

"Sijui! Wa mtu! Mzee Larbi huandika talaka tu!"

"Ala! Mimi nilikaa pale kwa sababu kiti kina mto!"

Walicheka mpaka Jawad akasema basi, saumu itawashinda. Kisha akasema taratibu, "Tuma barua ya ofisi ya kodi niisome. Na usiniite Bwana Karani leo. Niite vingine."

"Nikuite nini?"

"Unavyotaka."

"Roho yangu," alisema Itimad, na akakata simu haraka kwa haya.

Ofisa alitimiza ahadi. Faini ilifutwa. Kodi ilibaki, elfu sitini na tisa, ya kulipwa kwa miezi thelathini na sita.

Siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri, sebule ya Bi Zhor ilijaa harufu ya maua ya chungwa na mnanaa. Jawad alikuja na mama yake, na Mzee Larbi mahali pa baba. Bushaib na Miludi walikaa karibu na mlango, wameoga, hawajui mikono yao waiweke wapi. Itimad alivaa kaftani nyeupe yenye mkanda wa dhahabu, na chini ya kucha moja kulikuwa na chokaa iliyokataa kutoka.

Mikono ilipoinuliwa kwa Fatiha, Itimad alisema, "Ngojeni. Kuna deni. Nataka litajwe kwanza, kila mtu asikie." Akalitaja, kiasi na miezi. Mama yake Jawad alishusha macho, maana nyumba iliyouzwa ilikuwa yake pia.

Bushaib alisimama. "Mafungu mawili kati ya matatu ni yetu. Yatakuja kila tarehe mosi. Ruzuku ikatike isikatike."

"Yatakuja," alisema Miludi.

"Kwa mdomo tu?" aliuliza Bi Zhor.

Mzee Larbi alichomoa kalamu na karatasi. "Tuandike. Mimi niliyetia sahihi hapa chini..."

Lakini Jawad alimshika mkono. Kwanza alimtazama mama yake, na mama akaitikia kwa kichwa. Ndipo Jawad akasimama katikati ya sebule, lile koti jeusi mwilini, bado lina harufu ya siki kwa mbali.

"Maisha yangu yote nimeandika maneno ya watu," alisema. "Haya ni yangu, na siyaandiki. Mimi, Jawad mwana wa Abdeslam, mbele ya Mwenyezi Mungu, mbele ya mama zetu wawili, na mzee wangu Larbi, na ndugu zangu Bushaib na Miludi, naahidi. Barua yoyote itakayoletwa mlangoni kwa jina la Itimad, imeletwa kwangu pia. Tutaifungua pamoja, siku hiyo hiyo, kabla chai haijapoa."